Acha Kwanza Nifikirie

Mugo wa agroveti, duka la dawa za mifugo, alifungua friji ndogo iliyokuwa nyuma ya kaunta, akatoa chupa mbili za chanjo zenye jasho la baridi, akaziweka mbele ya Kathini.

"Mama Syombua, hizi ndizo za mwisho," alisema. "Kideri imeingia. Huko upande wa Makindu kuku zinaanguka kama maembe ya upepo. Chupa moja inatosha kuku mia mbili. Beba zote, uchanje leo leo."

Kathini aliishika chupa moja. Nyumbani alikuwa na kuku karibu mia tatu, wale wa kienyeji walioboreshwa, na walikuwa wameanza kutaga vizuri. Hoteli moja kubwa ya barabara ya Mombasa, mahali mabasi husimama abiria wakala, ilikuwa ikichukua mayai yake kila wiki, na sasa ilikuwa imeomba na majogoo. Pesa ya chanjo alikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la leso.

Kilichomzuia ni kichwa chake. Alikuwa amesikia mahali kwamba kuku anayetaga akichanjwa hukata mayai. Tena akasikia kwamba kuku akiwa ameshaambukizwa, chanjo humwahisha kaburini. Halafu, mbona Mugo anamhimiza hivi? Si ajabu chupa zimekaribia kuharibika. Na ile stima iliyopotea juzi usiku kucha, je, friji ilibaki na baridi? Kila swali lilizaa swali, na hilo lililozaliwa lilikuja tayari na mimba.

"Stima ilipotea juzi," alisema.

"Niliweka barafu."

"Na tarehe?"

"Si hiyo hapo, soma."

Alisoma. Tarehe ilikuwa sawa. Akaigeuza chupa, akasoma tena kana kwamba ingeweza kubadilika.

"Acha kwanza nifikirie," alisema. "Nitarudi asubuhi."

"Mama, ugonjwa haungoji mtu afikirie."

"Asubuhi mapema, Mugo. Niwekee."

"Siwezi kuwekea mtu. Mwenye pesa akija nampa." Mugo alizirudisha chupa kwenye friji bila hasira. Alikuwa amemzoea. Msimu uliopita Kathini alikuja dukani mara nne kuulizia vyombo vya maji ya kuku, na mara ya nne vilikuwa vimekwisha.

*

Nyumbani, mumewe Mutisya alikuwa amekaa kwenye jiwe akinoa mwiko wake wa kujengea. Alikuwa fundi wa mawe, lakini mjengo ulikuwa umekauka, na mwiko ule ulinolewa siku hizi zaidi ya ulivyofanya kazi.

"Baba Syombua, Mugo anasema kideri imeingia. Anataka ninunue chanjo. Wewe unaonaje?"

"Wewe ndiye mwenye kuku."

"Nakuuliza tu."

"Juzi uliniuliza rangi ya mlango wa banda. Nikakuambia nyeusi. Ukamwuliza pasta, akakuambia kijani. Mlango uko na rangi gani sasa?"

Kathini aligeuka kutazama. Mlango haukuwa na rangi.

Akaingia ndani, akafungua grupu ya wafugaji kwenye simu, akaandika: *Hamjambo wapendwa. Nauliza, kuku wa kutaga wakichanjwa kideri wakati huu kuna shida?* Majibu yakaja kama mvua ya mawe. Mmoja alisema achanje mara moja. Mwingine alisema chanjo ni biashara ya watu wa Nairobi, awape pilipili na majivu. Mwingine akaapa kwamba shubiri ndiyo dawa. Mtu fulani alituma sala. Katikati ya hayo yote, mtu asiyemjua akauliza: *Kwani zako zimeanza kufa?*

Kathini aliliangalia swali hilo kwa muda mrefu. Akisema hapana, watamwuliza mbona basi anauliza habari za chanjo. Akisema kuku ni wazima, na kesho mmoja afe, ataitwa mwongo. Aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Mwishowe aliweka simu chini ili apate jibu zuri akiwa ametulia. Hakujua kwamba kwenye grupu kila mtu aliona anaandika, ananyamaza, anaandika, ananyamaza. Kufikia wakati wa chakula cha jioni, watu walikuwa wamejijibu wenyewe.

*

Asubuhi aliamka akiwa ameamua nusu. Alifika dukani kabla Mugo hajamaliza kufungua milango.

"Zimeenda," Mugo alisema. "Kui alikuja jana ukitoka tu. Alichukua zote mbili."

Kui alikuwa jirani wa Kathini, mwenye duka la nafaka pale sokoni. Watu wake walikuja kutoka Murang'a wakati barabara ilipowekwa lami, na alikuwa amezaliwa hapa hapa, akiongea Kikamba kuliko wenyeji. Alikuwa ameanza kufuga kuku mwaka huo tu, kwa kumwiga Kathini.

"Aliuliza kuhusu stima?"

"Hakuuliza chochote. Alilipa."

Kathini alienda moja kwa moja nyumbani kwa Kui. Njia nzima alijipanga jinsi ya kuomba bila kuonekana anaomba. Alimkuta Kui akimwaga maji ya kuku, mikono imejaa unga wa chakula.

"Kui, ile chanjo, ulibakiwa na kidogo? Wewe kuku zako si nyingi."

"Woi, Mama Syombua! Nilikoroga zote mbili, ikabaki nyingi. Lakini ukishakoroga hiyo dawa haikai, ni saa mbili tu. Nilimwaga." Kui alijifuta mikono. "Nilifikiria nikupigie. Halafu nikasema, Mugo ameniambia zilikuwa mbele yako, ukaziacha. Nikaona huzitaki."

Hapakuwa na ubaya katika uso wa Kui. Hilo ndilo lililomchoma Kathini zaidi. Alishukuru, akarudi zake. Mugo alisema chanjo nyingine ingekuja na gari la wiki inayofuata.

Mchana wa siku hiyo alipeleka mayai hotelini. Meneja, kijana aliyevaa tai, alimkuta bado yuko mlangoni mwa jikoni, trei zimepangwa kifuani mpaka kidevuni.

"Mama, hizo rudi nazo."

"Kwa nini?"

"Nasikia kuku zako ni wagonjwa."

"Si wagonjwa! Nani amesema? Hakuna hata mmoja amekufa."

"Mama, mimi sitaki kelele. Wateja wakisikia kideri, hawatajua kama ni yai ama ni nini. Rudi nazo tu. Na usipitie hapa nyuma, lori la soda limeziba. Pitia mbele."

Basi Kathini akapita mbele, katikati ya meza, katikati ya abiria waliokuwa wakila haraka haraka kabla ya honi, na trei zake za mayai yasiyotakiwa. Mtoto mmoja alimwonyesha kidole. Mhudumu aliyekuwa akimwita "mwaitu", yaani mama, kila wiki alijifanya anafuta meza iliyokuwa safi.

Jumamosi ikawa zamu yake ya kupokea chama cha akina mama. Alichinja majogoo wawili wazima, manyoya yakimeta, macho makali, akawapika kwa mchuzi mzito na chapati. Wanawake walikuja, wakaomba, wakachanga, wakacheka. Chapati ziliisha. Mboga ziliisha. Sufuria ya kuku ilizunguka meza kama mgeni asiye na kwao, kila mmoja akiipitisha kwa mwenzake kwa heshima. "Mimi siku hizi daktari amenikataza nyama," alisema mmoja. Wa pili alisema ana jino bovu. Kui peke yake alichukua paja moja, akalikata, akalila mpaka mwisho huku akimtazama Kathini, na Kathini hakujua kama amshukuru au amchukie.

*

Ugonjwa wenyewe ulifika Jumatatu, kana kwamba ulikuwa ukingoja ualikwe na watu wote kwanza.

Alipofungua banda, kuku mmoja alikuwa amesimama pembeni, mabawa yameshuka kama mtu aliyevaa koti la marehemu. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Kufikia jioni walikuwa saba. Kesho yake wengine walikuwa wamepinda shingo, wanatazama mbinguni, wanazunguka mahali pamoja. Kathini aliokota mizoga kwa gunia, akaifukia, akarudi, akakuta mingine. Gari la chanjo lilikuwa bado halijaja, na Mugo alimwambia kwa upole kwamba hata likija, kwake halina kazi tena.

Alianza kula kidogo. Mawazo yale yale yaliyomzuia kununua chupa mbili sasa yalirudi kumhukumu. Laiti angenunua. Laiti asingeuliza kwenye grupu. Laiti angejibu lile swali. Mutisya alinoa mwiko wake kwa namna iliyosikika mpaka kwa jirani.

Siku iliyofuata pikapu yenye matundu matupu ya kuku ilisimama mbele ya lango. Akashuka Kyule, dalali wa kuku, mtu mnene mwenye sauti ya msibani.

"Mwaitu, pole. Nimesikia uko na shida. Nimekuja tusaidiane." Aliingia bandani bila kukaribishwa, akatazama, akatoka akijifuta viatu kwenye nyasi. "Nusu bado zinasimama. Nitakupa mia na hamsini kwa kila anayesimama kwa miguu yake. Leo. Taslimu."

Ilikuwa chini ya robo ya bei.

"Unazipeleka wapi?" Kathini aliuliza.

"Mbali. Hapa watu wamesikia. Nazipeleka Zombe, kwa soko. Huko ugonjwa haujafika. Watu wa huko wananunua moja, mbili, wanapeleka nyumbani kufuga. Wakifa baada ya wiki, ni kazi ya Mungu."

Kathini alikuwa amezaliwa huko. Mama yake alikuwa bado anaishi mwendo mfupi kutoka soko la Zombe, na kuku wake, kumi na kitu hivi, ndio waliokuwa benki yake: kuku wa dawa, kuku wa mazishi, kuku wa mgeni. Na si mama yake peke yake. Kila boma la upande ule lilikuwa hivyo. Kuku mmoja mgonjwa akishushwa sokoni, kufikia mwisho wa mwezi pasingebaki jogoo wa kuwika.

"Hapana," alisema.

Neno lilitoka kabla hajaligeuza upande wa pili. Yeye mwenyewe alishtuka kulisikia.

"Mwaitu, fikiria vizuri."

"Sina la kufikiria. Toka na gari lako."

"Mama Syombua," Mutisya alisema kutoka kwenye jiwe lake, "hiyo ni pesa. Kesho hakutakuwa hata na kuku wa kukataa."

"Basi hakutakuwa."

Kyule hakubishana. Watu wa kazi yake hawabishani na mwenye uchungu. Alimpa Mutisya mkono, akaushika kwa muda, na Kathini, aliyekuwa ameshageuka kwenda kuchukua jembe, hakuona kwamba walikuwa wakipeana namba.

*

Asubuhi Kathini alienda sokoni kununua chokaa ya kunyunyizia mashimo. Aliporudi na mfuko kichwani, lango lilikuwa wazi na alama za magurudumu zilikuwa mbichi kwenye vumbi. Bandani walikuwa wamebaki waliolala tu.

Mutisya alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati safi.

"Umemwuzia Kyule," Kathini alisema.

"Zinazosimama tu."

"Nilikataa mbele yako."

"Mtu mmoja kwa hii nyumba lazima aamue! Wewe miaka yote ni acha nifikirie, acha nifikirie. Ukaacha chanjo. Ukapoteza hoteli. Jana ndio umekumbuka kukata shauri, tena siku ya kulipwa? Mimi nimeamua. Pesa nusu nimetuma shule kwa mtoto, wasimfukuze. Ungefanya nini wewe? Ungeuliza pasta?"

Kathini alitua mfuko wa chokaa. Kila alichosema mumewe kilikuwa sawa, isipokuwa kile alichokuwa amekifanya. Angeweza kukaa chini pale na kupima: ndoa upande huu, Zombe upande ule, jina lake katikati. Aliyajua mawazo hayo, aliyaona yakijipanga mlangoni kama wadai. Akachukua simu, akafungua grupu ya wafugaji, akabonyeza sehemu ya kurekodi sauti.

"Mimi ni Kathini, mke wa Mutisya, wa hapa karibu na Kiboko. Kuku zangu ziko na kideri. Zimebebwa leo asubuhi na pikapu nyeupe ya Kyule dalali, zinapelekwa soko la Zombe. Ni zangu. Ni wagonjwa. Msinunue. Mwenye mtu Zombe amtumie hii."

"Futa!" Mutisya alimrukia, akamshika mkono. "Futa hiyo kitu!"

Alikuwa ameshaituma. Na huku mumewe akimvuta mkono, kwa mkono wa pili alimpigia mama yake, akamweleza yote tena, akamwambia aende kwa chifu sasa hivi, asingoje kumaliza kazi.

"Unajua umefanya nini?" Mutisya alisema alipomwachilia. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hakuna mtu atanunua yai kwako tena. Hata ufuge kuku wa dhahabu. Na mimi umeniuza. Mbele ya watu wote."

"Najua."

Alichukua panga, akaingia bandani, akawamaliza waliobaki mmoja mmoja. Haikuwa kazi ya haraka. Mutisya alisimama nje akisikiliza, kisha akaondoka na mwiko wake, na Kathini akafukia peke yake.

Mama yake alipiga jua likielekea kuzama.

"Wamemshika," alisema. "Maofisa wa mifugo walikuja na chifu. Wamechoma zote nyuma ya soko, matundu na yote. Harufu imefika mpaka hapa."

"Asante Mungu."

"Lakini mwanangu." Mama alishusha sauti. "Kumtaja mume wako hivyo, jina lake lisikike mpaka kwa watoto? Hapa wananiuliza kama huyo muuza kuku wagonjwa ndiye mkwe wangu. Si ungenipigia mimi peke yangu, kimya kimya?"

Kathini alimtakia mama yake usiku mwema.

*

Kyule alirudi baada ya siku mbili, safari hii na wanaume wawili. Sauti ya msibani alikuwa ameiacha Zombe.

"Mutisya, pesa yangu."

Mutisya alitoa iliyobaki. Kyule aliihesabu kwa kidole kilicholambwa, akatikisa kichwa.

"Hii ni nusu."

"Nyingine nilituma shule. Nipe muda, ndugu yangu. Nikipata mjengo..."

"Mimi si ndugu yako. Nimelipa faini, nimechomewa mpaka matundu. Muda gani?" Kyule aliinua macho, akatazama boma zima kama mtu anayenunua, na macho yake yakatua kwenye paa la banda. Mabati yalikuwa mapya. "Nitabeba hayo."

Mutisya alikuwa amelijenga banda lile kwa mikono yake mwenyewe, ile miezi ambayo hakuna mtu aliyemwita kazini. Alimtazama mkewe. Labda alitaka apige kelele, aite watu, angalau aombe. Watu walikuwa tayari wamejaa kwenye ua, maana pikapu ile sasa ilijulikana.

"Anzeni upande huu wa chini," Kathini aliwaambia wale wanaume. "Huko juu misumari imeingia sana, mtararua bati. Na msikanyage mbao. Mbao si zenu."

Bati la kwanza lilipong'oka lilitoa mlio uliowafanya watoto wazibe masikio. Kui alikuwa miongoni mwa waliosimama uani. Hoteli ilikuwa imeanza kuchukua mayai kwake wiki ile. Kathini alikuwa ameona trei zikipita. Kui alisogea karibu naye, akamshika bega kwa huruma ya kweli.

"Mama Syombua, ungenyamaza tu. Ungefikiria kwanza, kabla ya kutuma hiyo sauti."

Wanawake wawili wa chama walitikisa vichwa kukubali. Ndio, alikuwa na haraka mno. Mtu mwenye nyumba na mume hafanyi mambo mbio mbio hivyo.

Kathini alitazama watu hao ambao kwa miaka walimcheka kwa kufikiria sana. "Nisaidie kushika hii ngazi," alimwambia Kui. "Inateleza."

*

Pikapu ilipoondoka na watu wakatawanyika, banda lilibaki mbavu tupu. Kathini aliingia na jembe na kuanza kukwangua mbolea iliyoganda sakafuni, akiirundika pembeni. Upepo wa Agosti ulipita juu yake bila kizuizi.

Mutisya alikaa mlangoni. Tangu siku ile walikuwa hawajaongea zaidi ya maneno ya chumvi na maji. Usiku uliopita alikuwa amesema ataenda Malili kutafuta mjengo, na Kathini alikuwa amemwambia aende. Hakuwa ameenda.

"Sasa unafanya nini?" aliuliza.

"Hapa hakuna kuku atakaa msimu huu. Mpaka uani nitalima. Kuna mbolea ya miaka miwili hapa. Nitapanda ndengu, mvua ya Novemba."

"Umeuliza nani?"

"Sijauliza mtu. Kesho naenda Kiboko, kwa wale watu wa utafiti wa kilimo, kutafuta mbegu."

"Na pesa ya mbegu?"

"Nitauza mbao."

Mutisya alitazama mbao zile, ambazo mwenyewe alizipima na kuzikata. Akatazama juu, mahali paa lilipokuwa, palipokuwa sasa na anga jeupe lisilo na wingu hata la kuazima.

"Na kama mvua haitanyesha?"

Kathini hakusimama.

"Basi itakuwa haijanyesha," alisema. "Sogea, uko kwa mlango."

Mutisya alisogea. Alikaa kidogo akimtazama, kisha akainuka, akajikung'uta suruali, akaenda ndani kupanga nguo zake za Malili.